Tukaishi Kwenu au Kwetu?



Ukiipita Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kushika Ndia Kuu katikati ya nyumba za kale zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, hutachukua muda kufika Bandari ya Kale. Siku hizi majahazi ni machache pale, kwa kuwa meli kubwa hutia nanga Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Lakini kwa karne nyingi hapo ndipo zilipoanzia ndoa za watu wa nchi mbili katika mji wetu wa Mombasa. Kaskazi, upepo unaovuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi, uliwaleta mabaharia na wafanyabiashara kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, uanzao mwezi wa Aprili, uliwarudisha makwao. Aliyeoa Mombasa alikuwa na miezi michache tu ya kukata shauri: apande jahazi pamoja na mke wake, apande peke yake, au abaki.

Wengi walibaki, na ndiyo sababu koo nyingi za Mji wa Kale zinataja babu aliyetoka ng'ambo. Wengine walikwenda wasirudi, wakamwacha mama na watoto wakitazama bahari.

Leo hakuna upepo unaotuamulia. Ndege huondoka kila siku, na barua haichukui tena miezi. Kwa hiyo swali limekuwa gumu zaidi, si jepesi zaidi. Upepo ukimchukua mume, mtu aliweza kuulaumu upepo. Siku hizi mume na mke wakiamua vibaya, watalaumiana wao kwa wao.

Hebu tuchukue mfano

Tuseme kuna dada mmoja, muuguzi, mzaliwa wa kisiwani, anayeishi Ganjoni pamoja na mama yake mjane. Mume wake ni Mjerumani, fundi wa mitambo ya meli, aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili. Wamefunga ndoa kanisani na wana mtoto wa kike ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mkataba wa mume unakaribia kwisha. Jioni moja, mtoto akiwa amelala, mazungumzo yanaanza.

"Mume wangu," asema mke, "nikimwacha mama, ni nani atakayempeleka hospitali? Ndugu zangu wawili wako Nairobi."

"Na baba yangu je?" ajibu mume kwa Kiswahili chake alichojifunzia bandarini. "Yeye pia amezeeka, na mimi ni mtoto wake wa pekee. Tena kule mshahara wangu ni mkubwa mara kadhaa."

Hakuna mwovu hapa. Kila mmoja ana mzazi, ana kazi, ana lugha yake. Kila mmoja anasema kweli. Tena kila mmoja ataleta kesho hoja nyingine ya kweli: hali ya hewa, shule, hospitali, usalama, gharama za maisha. Wanaweza kubishana hivyo kwa miaka mitano na wasifike popote, kwa maana wanalinganisha nchi na nchi. Lakini hawakuoana nchi mbili. Wameoana watu wawili, na swali la haki kati yao si "Nchi ipi ni bora?" Swali ni hili: "Ni nani kati yetu atakayekuwa mgeni, na yule atakayekuwa mwenyeji atamtendea nini?"

Jibu la desturi

Wako watakaosema swali hili halina haja ya kuulizwa: mke humfuata mume, basi. Tusiidharau desturi hiyo. Palepale ilipotokea ilikuwa na maana yake. Binti aliolewa kijiji cha pili, akaenda penye shamba na ukoo wa mume. Akiugua, mama yake alifika kwa miguu kabla ya jua kutua. Akionewa, kaka zake walijua njia. Desturi ilimhamisha, lakini haikumwacha bila watu. Ukiichukua desturi hiyohiyo ukampandisha binti ndege hadi mji ambao hajui hata kuomba maji kwa lugha yake, umebakiza nusu moja ya desturi na kuitupa ile nusu iliyomlinda.

Wala si kweli kwamba desturi zetu zote husema hivyo. Katika miji ya kale ya Waswahili, kama Lamu, familia za waungwana zilikuwa na mazoea ya kumpa binti nyumba anapoolewa, naye mume akahamia humo. Hakuna aliyemwona mume huyo kuwa si mwanamume. Na Mkristo akifungua kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, ataona kwamba anayetajwa kuwaacha baba na mama yake ili aambatane na mwenzi wake ni mwanamume.

Sheria nazo zimesogea. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, katika kanuni ya 93, zilihesabu makao ya mume kuwa ndiyo makao ya mke. Sheria mpya za mwaka 1983, katika kanuni ya 104, zinasema mume na mke wawe na makao ya pamoja, na hazisemi yawe ya nani. Hapa Kenya, katiba ya zamani ilimruhusu mke mgeni wa Mkenya aandikishwe kuwa raia, lakini mume mgeni wa mwanamke Mkenya hakupewa nafasi hiyo. Mama Mkenya aliyejifungulia nchi ya nje hakuweza kumpa mtoto wake uraia kwa haki yake mwenyewe. Wengi wa dada zetu wa pwani walionja uchungu huo. Katiba ya mwaka 2010 iliuondoa: mtoto ni raia ikiwa mama au baba ni raia, popote alipozaliwa, naye mgeni aliyekaa katika ndoa na Mkenya miaka isiyopungua saba, awe mwanamume au mwanamke, ana haki ya kuomba kuandikishwa. Raia wa kuzaliwa hapoteza uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine.

Hivyo basi, si sheria ya Kanisa wala Katiba inayomwambia leo mke kwamba lazima awe yeye wa kuhama. Wanandoa wameachiwa uhuru, na uhuru ni mzigo.

Jibu la mshahara

Jibu la pili ni la fedha: twende kwenye mapato makubwa. Hili nalo lina uzito wake, na anayelicheka huenda hajawahi kudaiwa karo. Lakini hesabu ya mshahara mara nyingi huandikwa upande mmoja tu.

Mume wa mfano wetu akirudi Ujerumani atapata mshahara wake wote. Mke naye? Kwa kawaida, tangu mwaka 2007, mwenzi anayetaka kumfuata mwenzake Ujerumani hana budi kufaulu kwanza mtihani wa Kijerumani cha mwanzo. Akifika, vyeti vyake vya uuguzi vitapimwa upya, na lugha itakayotakiwa wodini si ile ya mwanzo. Huyu aliyekuwa akisimamia wodi nzima Mombasa, ataomba fedha za nauli ya basi kwa mume wake. Katika karatasi, mapato ya nyumba yamepanda. Ndani ya nyumba, mtu mmoja amekuwa tajiri na mwingine amekuwa ombaomba, nao wanalala kitanda kimoja.

Nchi nyingine humpima hata aliye raia wake. Uingereza tangu mwaka 2012 inamtaka anayemleta mwenzi wake awe na mapato ya pauni 18,600 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000. Wako wapenzi waliopanga kila kitu, kumbe afisa wa viza ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Lakini tuwe wa haki. Mume akibaki Mombasa, naye anabeba mzigo. Atahitaji vibali. Katiba yetu, katika kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Kila akienda sokoni ataitwa mzungu na kutajiwa bei ya mzungu. Na baba yake akianguka ngazini usiku, yeye atakuwa mbali maelfu ya kilomita. Msidhani mgeni ni mtu mweusi Ulaya tu.

Binti wa Sultani

Pwani yetu ina kisa ambacho kila mchumba wa nchi nyingine angepaswa kukijua. Sayyida Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Seyyid Said, yule aliyeitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837. Alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akapata mimba. Kwake hapakuwa na uchaguzi wa kwetu au kwenu. Kubaki Unguja kulikuwa hatari kwa maisha yake. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Waingereza hadi Aden. Mwaka 1867 alibatizwa huko kwa jina la Emily, akafunga ndoa, wakaenda Hamburg.

Mwaka 1870 mume wake alikufa kwa ajali ya tramu. Salme alikuwa na miaka ishirini na mitano tu, watoto watatu wadogo, lugha aliyokuwa bado akijifunza, na baridi. Kwao hakupokewa: alikwenda Unguja mwaka 1885 na tena mwaka 1888 kudai urithi wake, akarudi mikono mitupu. Kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1886 zinasomwa hadi leo. Alikufa Ujerumani mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Je, alikosea kwenda? Mimi siwezi kusema hivyo. Alikwenda kwa sababu asingeweza kukaa. Lakini tazama jinsi alivyokwenda: daraja lake lote kati yake na nchi ile lilikuwa mtu mmoja. Siku mtu huyo alipoondoka, daraja lilianguka. Hamkubaliani kwa ajili ya kifo wala kwa ajili ya ugomvi, lakini vifo vipo na ugomvi upo. Mwenye kumpenda mwenzi wake hamweki mahali ambapo, yeye akiondoka, mwenzi wake hana mlango wa kubisha hodi.

Zawadi na deni

Anayehama kwa ajili ya ndoa anatoa zawadi kubwa. Anatoa mama, lugha ya utani, jina lake kazini, kaburi la baba yake analolipalilia. Zawadi ya namna hiyo haitolewi kwa kulazimishwa, wala kwa kudanganywa kwamba "ni kwa muda mfupi tu." Na ikishatolewa, inazaa deni kwa yule aliyeipokea.

Msomaji atanipinga: "Upendo hauhesabu madeni." Ni kweli. Lakini angalieni ni nani anayesema maneno hayo. Yakisemwa na aliyetoa, ni maneno ya ukarimu. Yakisemwa na aliyepokea, ni njia ya kukwepa. Aliyeacha nchi yake anaweza kusamehe deni. Aliyebaki kwao hawezi kujisamehe mwenyewe.

Deni lenyewe ni nini? Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaisoma methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Isomeni pia kama haki ya mgeni. Kumpa mtu jembe ni kumwambia: wewe si wa kutazama tena, shamba hili ni lako pia. Kuna wake na waume waliokaa miaka ishirini katika nchi ya mwenzi wao, na hawajapewa jembe. Hawajui fedha za nyumba ziko benki gani. Barua za serikali husomewa. Kwenye sherehe za ukoo huketishwa mahali pazuri, hupewa soda, na hakuna anayewauliza lolote. Huko ni kuheshimiwa kama mgeni, na ni upweke mkubwa.

Basi mwenyeji ana wajibu: kumfundisha mwenzi wake lugha kwa subira, na yeye mwenyewe kujifunza ya mwenzi wake, kumwandikisha katika akaunti na hati za nyumba pale sheria inaporuhusu, kumlinda mbele ya mama mkwe na mawifi, kumwachia apate marafiki wake, kuweka akiba ya nauli ya kwenda kwao, ambayo haiguswi hata karo ikibana. Watoto nao wasikie lugha zote mbili tangu utotoni, ili bibi wa Ganjoni na babu wa Ujerumani wasihitaji mkalimani wa kuongea na mjukuu wao.

Mgeni naye ana wajibu wake. Asiishi miaka yote akiwa na sanduku chini ya kitanda. Asilinganishe kila chakula na cha kwao. Zaidi ya yote, zawadi yake asiigeuze kuwa fimbo. "Niliacha kila kitu kwa ajili yako" ni neno linaloweza kusemwa mara moja kwa machozi. Likisemwa kila Jumamosi, huwa ni deni ambalo hakuna awezaye kulilipa, na mwenye deni lisilolipika mwishowe humchukia anayemdai.

Wazazi wawili, bahari mbili

Turudi kwa mama wa Ganjoni na baba wa Ujerumani. Amri ya kuwaheshimu wazazi haikusema wazazi wa upande mmoja. Lakini mahitaji yao hayafanani. Baba ana pensheni, na nchi yake ilianzisha mwaka 1995 bima ya matunzo kwa wazee na wasiojiweza. Anachokosa ni mtu wa kumbishia mlango. Mama ana majirani wanaoingia bila hodi, ana jumuiya yake ndogo ndogo, lakini hana pensheni. Anachokosa ni fedha za dawa.

Fedha husafiri, mkono hausafiri. Kwa kipimo hicho mtu angeweza kusema: basi waende kwa baba, wamtumie mama fedha. Ni hoja nzuri, nami naiheshimu. Lakini kuna jambo lililobaki. Mke akienda leo, bila lugha, bila vyeti kukubaliwa, na mtoto mdogo mgongoni, atakuwa katika hali ya Salme. Mume akibaki leo, tayari anazungumza Kiswahili, ana ufundi ambao meli zinauhitaji, ana wakwe wanaomjua kwa jina. Atapoteza sehemu ya mshahara na atakuwa mbali na baba yake, na hilo ni kubwa. Lakini hatapotea.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kipimo kilipo. Msichague nchi ambayo jumla ya faida zenu itakuwa kubwa zaidi. Chagueni nchi ambayo yule atakayekuwa dhaifu kati yenu hatazama. Nyumba ambayo mmoja amepanda sana na mwingine amezama haikupanda. Uamuzi huu utawagharimu, pengine gari, pengine kiwanja, nami sitawaficha hilo.

Kwa hiyo ningewashauri vijana wetu hawa wabaki Mombasa miaka mitatu, wasibaki kwa uvivu. Mke ajifunze Kijerumani na aanze kupeleka vyeti vyake vikapimwe. Mume aende kwa baba yake kila mwaka, na mara moja waende wote watatu, mzee amwone mjukuu. Tarehe iandikwe. Ikifika, wakae tena mezani, mke sasa akiwa na miguu yake miwili, na safari hii huenda yeye ndiye atakayesema, "Mume wangu, twende kwa baba." Zawadi ya namna hiyo ndiyo iliyo huru.

Msiape kwa mahali

Neno la mwisho. Msiahidiane nchi kana kwamba nchi ziko mikononi mwenu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa rasmi hadi mwaka 1983. Watu wa Mombasa wenye wakwe Tanga, safari ambayo walikuwa wakiiona kama ya kwenda kwa jirani, walijikuta mlango umefungwa Lungalunga. Hakuna mume wala mke aliyefanya kosa. Mliahidiana altareni kuwa pamoja katika raha na taabu. Jina la mji halikutajwa.

Lakini "tutarudi" isiyo na tarehe ni ahadi ya kumnyamazisha mtu. Pangeni muda, angalieni tena. Watoto wakishaingia shule na kupata marafiki, uzito unabadilika: anayetaka kuhama ndiye mwenye kazi ya kuleta hoja, kwa kuwa sasa wageni watakuwa wengi na wadogo.

Kabla ya kukata tiketi, au bora zaidi kabla ya kutangaza ndoa, kaeni jioni moja mjiulize haya, kila mmoja ajibu kwa kinywa chake:

1. Nikihamia kwenu, ni nani mwingine zaidi yako nitakayemwita usiku wa manane?
2. Nitakula kwa kazi ya mikono yangu, au kwa kukuomba?
3. Mzazi wangu akiugua, nauli iko wapi?
4. Ukifa kabla yangu, mimi na watoto tutakaa wapi, na kwa hati gani?
5. Je, wewe ungekubali kunifanyia hili ninalokufanyia?

Swali la tano lisijibiwe haraka. Kama jibu ni "hapana", msivunje uchumba kwa hasira, lakini msiende popote bado. Zungumzeni tena kesho. Majahazi yalingoja upepo ugeuke miezi kadhaa. Ninyi mnaweza kungoja wiki chache.